Naomba ushauri: kiwanja cha urithi ufukweni Jambiani, tukikodishe au tukiache?

Mtoto wa Jambiani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeigawa nyumba yetu tangu mwisho wa Ramadhani. Marehemu baba alituachia kiwanja hapa Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, chenye nyumba ya mawe na chokaa, minazi tisa na kisima, na baina ya ukuta wetu na bahari hakuna kitu ila mchanga. Amekuja mwekezaji mgeni, ambaye tayari ana hoteli karibu nasi, anataka tumkodishe kwa miaka 33, na fedha anazozitaja hakuna kati yetu aliyewahi kuzishika. Kaka mkubwa anataka tukubali, kwa kuwa ana watoto wanne skuli na ngalawa yake haimpatii tena kitu cha maana. Mama hataki hata kulisikia.

Kinachonitia uzito ni kichochoro kilichopo ubavuni mwa kiwanja, ambacho ndicho njia ya mtaa mzima ya kwenda pwani. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka hadi karibu na mwamba, kina mama hupita hapo na kamba na vigingi kwenda kwenye mashamba ya mwani, na hurudi na viroba vinavyochuruzika maji vichwani. Mbele ya nyumba, mama na wenzake wamefukia makumbi yao, yaani maganda ya nazi, mchangani, kila mmoja amelizungushia shimo lake mawe, na baada ya miezi kadhaa huyafukua na kuyaponda wapate usumba wa kusokota kamba. Kwa mgeni hayo ni mawe tu. Jirani mmoja alipokodisha, mawe yaliondolewa asubuhi moja ili vipangwe viti vya wageni, na makumbi ya watu watatu yakapotea. Je, tukatae, au ipo namna ya kukubali bila ya kuwafungia watu njia?

Mkongwe wa Paje

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mimi ni wa Paje, jirani zenu wa kaskazini, na yanayowajia nyinyi sasa sisi yalitufika mapema. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani hii mwaka 1989, mke wangu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo, na kwa fedha zake ndipo tulipoezeka bati. Siku hizi maji ya kina kifupi yamezidi joto, ile aina ya mwani iitwayo kotonii, iliyokuwa na bei nzuri, haistawi tena, na hapo hapo tunapolima ndipo wanapopataka wageni wa mchezo wa kaiti, yaani kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara. Kwa hiyo usidhani kwamba mkikataa, pwani itabaki kama alivyoiacha baba yako.

Ila kabla ya fedha, zungumzeni kisima. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, na maji baridi yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Anayevuta kwa pampu kutwa nzima kwa ajili ya bwawa la kuogelea huipandisha chumvi, wala haipandi kwenye kisima chake peke yake. Chetu tulikuwa tukinywa, na leo hata chai yake hainyweki.

Mfanyakazi wa Hoteli

Kwa heshima zote, naomba kaka mkubwa asionekane mroho. Nimefanya kazi hotelini miaka sita, na mshahara huo ndio uliomtibu mama yangu. Lakini vijana wengi wa kijijini kwetu wameishia kwenye ulinzi na kufagia ufukwe, kwa hiyo ahadi ya ajira iandikwe kwa idadi na kwa kazi zenyewe.

Karani Mstaafu

Ndugu yangu, mnazungumzia kukodisha mali ambayo bado hamjaigawa. Anzeni na mirathi katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Yakishalipwa madeni ya marehemu, mama yenu, akiwa mjane mwenye watoto, ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki mtoto wa kiume hupata mafungu mawili kwa moja la wa kike. Mama akikataa, kaka hawezi kulikodisha fungu la mama.

Pili, kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mlichonacho nyinyi ni haki ya kuitumia. Mgeni hapewi haki hiyo. Hukodishwa, na ukodishaji huo lazima upite Serikalini. Karatasi mtakayosainiana barazani haitawalinda. Sharti la njia liingie ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na ramani inayoonesha upana wake.

Mtoto wa Jambiani

Ahsanteni sana. Jana baada ya Isha niliwasomea mama na kaka majibu haya yote. Mama aliuliza jambo moja tu, kwamba huo upana wa njia utapimwa kwa mtu aliye mikono mitupu au kwa wanawake wawili wanaopishana na viroba vya mwani vichwani. Kaka alinyamaza kidogo, kisha akasema tupime kwa viroba. Jumamosi tutapima pamoja na sheha, na wiki ijayo tutakwenda Wakfu. Aliyewahi kuandikiana na mwekezaji sharti la njia na la kisima, naomba anieleze alitumia maneno gani.