Uhai ulianza mapema duniani. Je, hiyo inatosha kusema uko na kwingine?

Mwl_Chumbageni:
Wakuu, nisaidieni hesabu. Nafundisha fizikia sekondari hapa Tanga. Kijana wa kidato cha tano kanibana: Dunia ina miaka bilioni 4.5, na mabaki ya vijidudu kule Pilbara, Australia, yana kama bilioni 3.5. Uhai haukuchelewa, kwa hiyo ni jambo jepesi, na huko kwingine umejaa. Nikaenda kwa kanuni ya Bayes, ile ya kurekebisha makadirio kila ushahidi mpya unapokuja. Nimeanza nusu kwa nusu: uhai ni mwepesi kuanza au ni mgumu. Ukiwa mwepesi, kuanza ndani ya bilioni ya kwanza ni kama hakika; ukiwa mgumu, tuseme 1 kati ya 10. Inatoka 91% kwamba ni mwepesi. Sina la kumjibu, ila roho haijatulia.

BintiNgamiani:
Shida ni hiyo 1 kati ya 10, mwalimu. Nenda Deep Sea, mnada wa samaki, asubuhi, waulize wenye samaki kama jana walipata. Wote wamepata! Aliyeambulia patupu yuko kwake amelala. Sisi nasi tuko mnadani.

Toka kijidudu hadi mtu wa kuuliza swali ni bilioni 3.5. Jua linazidi kung'aa, na inakadiriwa baada ya bilioni 1 hivi Dunia haitakalika. Jumla 5.5, toa 3.5. Sayari yenye muulizaji, kama mwendo wake ni huu wetu, uhai wake umeanza ndani ya bilioni 2 za mwanzo, hata ukiwa mgumu namna gani. Kuangukia bilioni ya kwanza hapo ni nusu. Piga upya: 67%. Mwanafizikia Brandon Carter aliligusa hili 1983.

Kisosora_juu:
Na hiyo 67% imebebwa na nusu kwa nusu yenu. Anza na nafasi ya 1 kati ya milioni kwamba uhai ni mwepesi, utaishia 2 kati ya milioni. Watafiti Spiegel na Turner walilionyesha hilo 2012. Mwanaastronomia Kipping, 2020, alipata angalau 3 kwa 1 upande wa uhai kuanza upesi, lakini ni kwa Dunia hii hii ikirudishwa mwanzo. Sayari nyingine hakuzigusa.

Mwl_Chumbageni:
Kwa hiyo Perseverance, ile roboti ya NASA, ikikuta kijidudu kimoja tu Mars, mchezo umekwisha?

BintiNgamiani:
Kiwe kimeanzia hukohuko. Mawe ya Mars hufika hapa, lile la Nakhla liliangukia Misri 1911. Kikiwa ndugu yetu, bado tumeona uhai ukianza mara moja tu.