Wazee wanaelewa siku ya mafunzo, kisha wanasahau: tufundisheje?

Mgani wa Mbozi: Wanajukwaa, salaam. Ninawafundisha wakulima wa kahawa, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 60, kupogoa mibuni na kusoma kwenye simu ujumbe wa mbolea ya ruzuku. Kupogoa wanakushika bila taabu, lakini hatua za simu, ambazo siku ya mafunzo wanazifuata vizuri, juma linalofuata huwa zimepotea. Je, kikwazo ni umri au ni njia ya kufundishia?

Mwalimu, Iringa: Ndugu Mgani, vyote viwili, ila njia ndiyo unayoweza kuibadilisha. Kwa umri hupungua kasi ya ubongo na uwezo wa kushikilia mambo kadhaa kwa pamoja. Maarifa yaliyokwisha kujengeka hudumu, ndiyo maana mzee aliyekulia shambani hapati shida na mbinu mpya ya kupogoa. Kusahau kwenyewe si kwa wazee peke yao. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885 akiwa hajafikisha miaka 40, alionyesha kwamba tunapoteza mengi katika saa za mwanzo, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kwa hiyo ligawe somo la saa mbili liwe vikao vifupi. Kisha, badala ya kueleza upya, mwombe mzee akumbuke hatua kabla hajaigusa simu. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke, katika utafiti wao wa mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani, waliona kuwa waliosoma tena na tena waliongoza baada ya dakika tano, lakini baada ya juma moja waliongoza waliojipima kwa kukumbuka. Faida hiyo imeonekana kwa wazee pia.

Mkazi wa Tukuyu: Naongeza la masikio. Huku kwetu mvua ikipiga bati, mzee hutumia nguvu zote kusikia maneno, na za kuyahifadhi hazibaki. Kuza maandishi ya simu, na wajukuu wasimnyang'anye ili "wamsaidie".

Muuguzi, Mbeya: Nakubaliana nanyi, kwa tahadhari moja. Mzee anayepotea njia ya kijijini kwake, au aliyebadilika ghafla katika siku chache, huyo apelekwe hospitali, si darasani, kwa kuwa baadhi ya visababishi, kama upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo au athari za dawa, hutibika.