Vidoa vinavyoelea machoni: tupeane uzoefu

Wakuu, tangu mwaka juzi nikiangalia ukuta mweupe naona kama unyoya unaelea jicho la kushoto. Nikiufuata unakimbia, nikitulia unashuka taratibu. Nilitumia dawa za matone chupa mbili, wapi! Daktari wa macho akanieleza kwamba ute uliojaa ndani ya jicho hulegea kadiri umri unavyosogea, nyuzi zake zikashikana, na ninachokiona ni kivuli chake kinachoangukia retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Matone hayafiki huko. Sasa nimeuzoea. Nyie wenzangu ilikuwaje?

*Fundi cherehani, Tanga*
Mimi sioni mbali tangu shule, miwani yangu ni minasi 7. Siku hiyo natunga uzi kwenye sindano, mara vidoa kibao kama masizi yamepeperushwa, na mwanga unapiga pembeni kama radi ya mbali. Maumivu hakuna hata kidogo, ndiyo maana nililala nayo siku tatu. Ya nne kivuli kikaanza kupanda kutoka chini kama pazia. Retina ilikuwa imechanika na inabanduka. Nilipasuliwa, nashukuru naona, lakini nikipiga mstari wa chaki kwenye kitambaa, jicho lile linauona umepinda mpaka leo. Zile siku tatu zinaniuma sana.

*Mtoa mada*
Pole sana dada yangu.

*Dereva, Morogoro*
Mie niliwahi. Mwanga ulianza asubuhi, mchana nikawa kliniki. Wakanitia matone ya kupanua mboni, wakakuta retina imechanika kidogo, bado haijabanduka. Wakaizungushia leza, jioni niko nyumbani. Ila msiende mnaendesha wenyewe, yale matone yanakuachia ukungu saa kadhaa.

*Mwenye mama mgonjwa wa sukari*
Mama aliona kama wino unamwagika ndani ya jicho. Kumbe ni damu imevuja. Wenye sukari, mkapimwe retina kila mwaka hata kama mnaona vizuri.

*Mgeni*
Samahanini, mimi vyangu vimeanza jana usiku, leo vimeongezeka, na nikigeuza jicho gizani naona mwanga. Hakiumi chochote. Nilipanga kwenda Jumatatu.

*Fundi cherehani, Tanga*
Ndugu yangu, Jumatatu mbali. Nenda leo hii, waambie vimeanza ghafla na unaona mwanga. Ukitoka huko turudishie majibu, nasubiri.