Mjadala: Mzazi aruhusiwe kumlipa msaidizi wa mwanawe ndani ya darasa la serikali?

Baba Segerea

Wadau, naweka msimamo mapema tusizungushane. Sikubali mzazi alipe mtu wa kukaa na mtoto wake ndani ya darasa la shule ya serikali. Na kabla hamjaniuliza haya yananihusu nini, binti yangu ana usonji (autism), yuko darasa la tatu. Kengele ikilia anaziba masikio. Mstarini hakai, utamkuta chini ya mwembe. Ukimuuliza swali leo anaweza kukujibu kesho kutwa, tena kwa usahihi, wakati kila mtu ameshasahau uliuliza nini.

Jambo lenyewe limetoka kwenye kikao cha wazazi shuleni kwetu. Mama mmoja mwenye mtoto wa hali hiyohiyo aliomba amlete dada aliyesomea malezi akae na mwanawe darasani, mshahara atatoa yeye. Mwalimu mkuu akairudisha kwa kamati ya shule. Kamati ikagawanyika: kuna waliosema ni msaada wa bure kwa shule, na kuna waliosema mwenye hela ampeleke mwanawe shule ya kulipia. Mimi napinga, ila si kwa sababu hiyo ya pili, ambayo ni wivu tu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Na akishakuwa hapo, apatiwe huduma za kumsaidia kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Apatiwe. Haikuandikwa kwamba mama yake akamtafutie. Mzazi akilipa, serikali itazembea; asipolipa, halmashauri itaona aibu ilete mtu. Tukikubali hili, mwaka wa kwanza itaitwa hiari, wa pili itakuwa mazoea, wa tatu utaulizwa getini, "Msaidizi wake yuko wapi?" Huna, geuza naye. Tulishayaona kwenye michango. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini hela ya mlinzi, ya maji na ya mitihani ya kujipima iliendelea kudaiwa mpaka Rais Magufuli akaja kupiga marufuku michango mashuleni Januari 2018. Nayo yote ilianza kama "tusaidiane wazazi".

Mama Mbagala

Kaka yangu, mimi ni mmoja wa hao "wenye hela". Nauza nyanya na vitunguu gengeni, na kila mwisho wa mwezi namlipa dada laki moja na nusu. Mwezi nikikwama nampa nusu na unga.

Mwanangu hasemi. Akitaka chooni anakuvuta nguo. Sasa niambie, darasa la watoto mia na kitu, mwalimu yuko ubaoni, nani atavutwa nguo? Alikuwa anarudi nyumbani amejikojolea, wenzake wakampa jina ambalo siliandiki hapa. Baba yake alishaondoka zamani, alisema kwenye ukoo wao hakuna watu wa hivyo. Mama mkwe akanipeleka kwa mganga, kisha shoga yangu akanipeleka kwenye maombezi, na kote huko nilitoa hela. Hela hiyo hakuna aliyeniambia nisitoe kwa sababu serikali itazembea!

Tangu dada aanze kukaa naye, mtoto anamaliza vipindi, na wiki iliyopita kaandika herufi nne za jina lake. Wewe unataka nimtoe huyo dada darasani ili halmashauri ione aibu. Halmashauri haitaona kitu. Watakaoona ni majirani, watakapomkuta amefungiwa ndani na mimi niko gengeni.

Mzee Magomeni

Zamani hakukuwa na usonji wala nini. Tulisoma wote darasa moja, mkaidi akichapwa anatulia. Siku hizi mtoto akiwa mtundu tu anatafutiwa jina hospitali.

Mama wa Kitengo

Shikamoo mzee wangu. Hamkusoma wote. Kwetu kulikuwa na mjomba aliyeishi chumba cha uani mpaka alipofariki, na wageni wakija mlango ulifungwa. Watoto wa namna hiyo hamkuwaona kwa sababu walifichwa. Hata kitabibu hali hii haikuja na simu za mkononi, daktari Leo Kanner aliiandika huko Marekani mwaka 1943.

Turudi kwenye hoja. Wote mnagombana kana kwamba darasa la kawaida ndilo la dhahabu. Mwanangu yuko kwenye kitengo, yaani darasa la peke yao watoto wenye usonji, ndani ya shule ya msingi ya serikali. Wanafunzi ni wachache, mwalimu amesomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi kule Arusha, na mchana wanakula na kucheza na wenzao wa madarasa mengine. Anajua kufunga kamba za viatu, anajua hela. Mimi kitengo kimenifaa kuliko hayo majina makubwa ya elimu jumuishi, ya kuwachanganya wote darasa moja.

Shida yangu ni umbali. Dar nzima vitengo vya usonji ni vya kutafuta. Ukiuliza watu wengi watakutajia Msimbazi Mseto, au watakwambia jaribu Sinza Maalum, jaribu Uhuru Mchanganyiko. Sasa mtu wa Chanika au Kigamboni afanyeje? Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, daladala mbili, na mtoto asiyevumilia honi wala muziki. Siku akipiga kelele konda anasema, "Mama, mtulize mwanao," na abiria wote wananigeukia kama nimebeba bomu. Mngekuwa mnapigania kitengo kila kata, ningewaelewa zaidi.

Mwalimu wa Zamu ya Mchana

Mmenisahau mimi. Nafundisha darasa la pili, zamu ya mchana, wanafunzi 118. Mwongozo unasema 45 kwa mwalimu mmoja, lakini mwongozo hauji kusahihisha madaftari.

Msaidizi wa mzazi namtaka, na namwogopa. Namtaka kwa sababu aliyoitaja Mama Mbagala. Namwogopa kwa sababu sijui ni mtu wangu au ni wa mzazi. Tulikuwa naye mmoja. Alikuwa anapiga video darasani kumwonyesha mama mtoto anavyoendelea, na watoto wa watu wamo humo ndani. Nikimtuma amsaidie mtoto wa dawati la nyuma anajibu hakulipwa kwa ajili hiyo. Siku mtoto alipong'ata mwenzake, mzazi wa aliyeng'atwa hakumfuata yeye, alinifuata mimi. Na siku asipokuja, mtoto amezoea mkono wake, basi somo limekufa.

Halafu kuna hili: nina wengine wanne darasani ambao naona kabisa kuna kitu. Mmoja anasoma "b" na "d" kama herufi moja. Mwingine hatulii dakika mbili. Wazazi wao hawana habari, wala hawana laki na nusu. Wamekaa karibu na mtoto mwenye mtu wake binafsi, wanamwangalia.

Na mzee, samahani. Kanuni zenyewe za viboko zina mipaka, visizidi vinne tena kwa idhini ya mwalimu mkuu. Ila mtoto aliyeziba masikio kwa sababu ya kelele ukimchapa umemwongezea kelele. Nimejaribu kufundisha kwa njia zote mbili, najua ninachosema.

Kijana wa Mwenge

Naomba kusema kwa sababu hapa wanaongelewa watu kama mimi. Nina usonji, niliambiwa nikiwa tayari kidato cha tano, sasa niko chuo.

Nilipokuwa shule ya msingi shangazi yangu alikuwa anakaa nami darasani kwa muda. Alinipenda, sikatai. Lakini mtoto gani atakuja kucheza na wewe wakati mtu mzima amekaa pembeni yako siku nzima? Maswali yangu mwalimu alimuuliza shangazi. "Ameelewa?" Nilikuwa nimeelewa. Alipoacha kuja ndipo nilipopata rafiki wa kwanza, na ndipo pia nilipoanza kupigwa. Vyote viwili vilikuja wakati mmoja, kwa hiyo msinitumie kama mfano wa upande wowote.

Kilichonisaidia hasa ni vitu vidogo ambavyo havina mshahara. Kukaa mbali na dirisha la barabarani. Kuambiwa mapema kwamba kesho ratiba inabadilika. Kuruhusiwa kutoka nje dakika tano bila kuomba mbele ya watu. Na muda wa mtihani: Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Wazazi wangapi hapa mnajua? Darasa la saba mimi nilifanya kwa muda wa kawaida, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenitambua.

Mwanasheria Mchovu

Baba Segerea umekisoma kifungu vizuri, ila umekitumia vibaya. Kuipa serikali wajibu si kumkataza mzazi. Na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, ibara ya 24 inadai marekebisho stahiki kulingana na mahitaji ya mtu. Shule ikimkataa msaidizi bila kutoa mbadala wowote, hapo ndipo kuna kesi ya kujibu, hata kama nia ilikuwa kulinda usawa. Hoja yako ina nguvu pale shule inapomdai mzazi msaidizi kama sharti la kumpokea mtoto. Kataeni sharti, msikatae msaada.

Baba Segerea

Nakubali tofauti hiyo ya sharti na msaada, lakini nyie wanasheria mnaiona kwenye karatasi. Mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu haionekani. Hakuna atakayekuandikia barua ya sharti. Utaambiwa tu, "Mama, ungekuwa na mtu wa kukusaidia ingekuwa vizuri."

Aliyenigusa ni mwalimu. Wale wanne wa darasani kwake ndio hoja yangu ambayo nilishindwa kuiweka sawa. Kwa hiyo napendekeza msaidizi awe wa darasa, asiwe wa mtoto. Anaripoti kwa mwalimu, anasaidia yeyote aliyekwama, simu inabaki ofisini, na mlipaji ni halmashauri. Msiniambie hela itoke kwenye ruzuku ya shule. Ile ruzuku ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, haitoshi hata chaki. Nasema mapato ya ndani. Jiji hili lina halmashauri tano na zote zinakusanya ushuru wa masoko na stendi. Ushuru wa genge la Mama Mbagala umo humo.

Nimeandika barua kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa elimu maalumu, ya kuomba wasaidizi wa majaribio kwenye shule chache zenye zamu mbili. Ninatafuta saini za wazazi wa kila halmashauri.

Mwalimu wa Zamu ya Mchana

Ongeza kipengele cha mafunzo, hata ya wiki mbili. Na weka upimaji. Mtoto apelekwe kituo cha upimaji na utambuzi wa watoto wenye mahitaji maalumu kabla hajafika darasa la nne, maana ule mtihani wa taifa wa darasa la nne ndio unaowaangusha wengi ambao hatukuwatambua.

Mama wa Kitengo

Na usafiri. Bila usafiri siweki saini.

Mzee Magomeni

Nina mjukuu hapa nyumbani ana miaka mitano, hajasema. Mama yake anasema atasema tu. Hicho kituo cha upimaji kiko wapi?

Mwalimu wa Zamu ya Mchana

Mzee, anza ofisi ya afisa elimu maalumu wa manispaa, kwa Magomeni ni Kinondoni. Watakuelekeza. Usingoje afike umri wa darasa la kwanza.

Mama Mbagala

Kaka, barua ya Temeke niletee gengeni, nina wamama sita hapa wenye watoto wa hali hii na wote watasaini. Ila tuelewane kabisa: dada wa mwanangu simtoi mpaka huyo wa halmashauri aripoti kazini. Na akiripoti, nitampima kwanza mwezi mzima.