Naomba ushauri: kifaa cha GPS cha kufunga kwenye baiskeli, cha bei ya kawaida, nichukue kipi na kinatumikaje?

Pedeli_Tegeta
Wakuu habari za jioni. Naendesha baiskeli ya barabarani, tairi 700x28, mara nyingi natoka Tegeta saa 11 alfajiri naelekea Bagamoyo na kugeuza, wikendi nyingine navuka Kigamboni mpaka Kimbiji. Siku zote narekodi na simu kwenye Strava, ile programu ya kuhifadhi safari za mazoezi, lakini chaji inaisha nikiwa bado njiani na simu hiyohiyo ndo naitegemea nikipata pancha niite bodaboda, sasa nataka kile kidude cha kwenye usukani kinachoonyesha spidi, kilomita na muda basi. Bajeti laki moja na nusu mpaka laki tatu. Kinakula bando? Ramani ni lazima? Halafu mwezi wa 12 tunapanga kupanda Lushoto kutokea Mombo na natamani nijue kweli tumepanda mita ngapi, hivi vya bei hii vinapima au vinakisia tu? Natanguliza shukrani.

mlima_pugu
Dada karibu sana. Bando hakili hata kidogo, kile kidude kinapokea tu mawimbi kutoka kwenye setelaiti kama redio inavyopokea stesheni, hakitumi kitu, hakina laini. Intaneti utahitaji ukishafika nyumbani, kinaunga na simu kwa Bluetooth, safari inaingia kwenye programu ya kampuni yao halafu yenyewe inaipeleka Strava, na Strava ya bure inapokea vizuri tu.

Ramani kwa njia zako mi naona usilipie. Bagamoyo unaijua, Kimbiji unaijua, Mombo kwenda Lushoto barabara ni moja. Skrini ya ramani inakula betri na inapandisha bei. Angalia iGPSPORT BSC100S, haina ramani, skrini inchi 2.6 namba zinasomeka hata jua la saa 6 mchana, chaji wanasema masaa 40, na waya wake ni Type-C huohuo wa simu yako. Garmin Edge 130 Plus ya mwaka 2020 nayo nzuri mno ila mpya itakuzidi bajeti, chaji yake masaa 12, na waya ni ule wa zamani wa micro. Ukiipata used angalia sana vile vitufe vya pembeni, jasho na chumvi ya huku pwani vinavila, bonyeza kimoja kimoja mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela.

Kitu kingine nakusisitiza, chukua cha vitufe sio cha kugusa skrini. Mvua ya masika ikipiga, skrini ya kugusa inajibonyeza yenyewe na kidole chenye jasho hakisikiki.

fundi_spoksi
Naunga mkono hapo juu ila niongeze upande wa kutumia, maana watu wengi wananunua kitu kizuri halafu wanalalamika kinadanganya kumbe hawajakipa nafasi.

Siku ya kwanza kikitoka kwenye boksi usikimbilie barabarani. Kiwashe, kiweke nje mahali pa wazi, sio chini ya bati wala chini ya mwembe, kiache kimetulia dakika 15 hivi. Kinakumbuka anga la kiwandani kule mbali, inabidi kishushe upya orodha ya setelaiti zote, na orodha hiyo setelaiti za GPS zinaituma taratibu, kuimaliza yote ni dakika 12 na nusu. Baada ya hapo siku zingine ni sekunde chache tu. Kila safari subiri kionyeshe kimeshika ndo ubonyeze kuanza, kinahitaji setelaiti zisizopungua 4 kujua kilipo, na zile ziko juu kilomita elfu 20 na kitu, kwahiyo mawimbi yakifika huku yamechoka sana. Ukianza kukanyaga kabla hakijashika ile mita mia kadhaa ya mwanzo inapotea au inachorwa inapita juu ya nyumba za watu. Kama kwenye mpangilio kuna sehemu ya kuwasha na Galileo au BeiDou, yaani setelaiti za Ulaya na China zinazofanya kazi kama GPS, washa, inasaidia sana kwenye maghorofa ya Posta ambako mawimbi yanagonga kuta yanarudi.

Ukija kuongeza sensa ya spidi ya kwenye gurudumu lazima uingize mzunguko wa tairi kwa milimita. Yako ya 28 ni kama 2136. Ukiacha ile ya 25 ambayo ni 2105 utapunjwa kilomita moja na nusu kwenye kila 100. Uhakika zaidi ni chaki: piga alama kwenye tairi na chini, kaa juu ya baiskeli upepo ukiwa ule unaotumia kila siku, sukuma mzunguko mmoja, pima na futi kamba. Ila kwa lami mi nakwambia GPS peke yake inatosha, hiyo hela ya sensa nunua taa ya nyuma, saa 11 alfajiri barabara ya Bagamoyo ina malori.

Pedeli_Tegeta
Nimewaelewa sana, taa ninayo. Vipi kuhusu mlima sasa?

Usambara_juu
Hapo kwenye mlima ndo penyewe. Setelaiti zote ziko juu yako hakuna iliyo chini, kwahiyo GPS inajua ulipo kwenye ramani vizuri kuliko inavyojua uko kimo gani. Kifaa kisicho na barometa ukipita nacho Kigamboni tambarare kabisa kile kimo kinachezacheza juu chini, kinajumlisha, jioni unaambiwa umepanda mlima ambao haupo. Kwahiyo kwenye maelezo hakikisha kimeandikwa kina barometa, kinapima presha ya hewa.

Nayo barometa uijue tabia. Chini ya kifaa kuna kitundu kidogo, kikizibwa na tope au maji ya mvua kimo kinaganda au kinaruka, kifute kwa kitambaa laini na usichokoe na sindano. Halafu huku kwetu joto presha ya hewa inapanda na kushuka kila siku kwa saa, iko juu karibu saa 4 asubuhi na inashuka mpaka chini karibu saa 10 jioni, na huku usawa wa bahari milibari 1 ya presha ikipungua kifaa kinaona umepanda kama mita 8. Ukitoka saa 4 ukarudi saa 10 usishangae kinasema nyumbani kwako pamepanda mita 20, hakijaharibika. Mombo kabla hamjaanza kupanda kiwekee kimo kwa mkono kama kinaruhusu. Mombo iko kama mita 400 na Lushoto kama 1,400, kwahiyo mkifika mjini kikisoma tofauti ya karibu elfu moja jua kinafanya kazi yake. Jumla ya kupanda itazidi hapo kidogo maana barabara kuna sehemu inashuka kabla ya kupanda tena.

Na zima ile auto-pause, ya kifaa kusimamisha kurekodi chenyewe ukipunguza mwendo, au ishushe iwe kilomita 3 kwa saa. Tegeta kwenye foleni inafaa sana, lakini kwenye kona za kupanda Soni mguu ukichoka unatembea mwendo wa mtu, kidude kinadhani umesimama kinaacha kuhesabu.

Pedeli_Tegeta
Aisee asanteni mno, hii ya saa 4 na saa 10 sikuwahi kuisikia popote. Nakwenda na ya vitufe yenye barometa. La mwisho, ikigoma kuunga na simu safari inapotea?

fundi_spoksi
Haipotei dada, inabaki ndani. Chomeka waya kwenye kompyuta, utaona mafaili yanaishia na .fit, chukua la tarehe yako upakie mwenyewe kwenye tovuti ya Strava. Na majira weka +3 mapema, vingine vinakuja na saa ya Uingereza na umbali kwa maili.