Kwa nini mitaa mipya ya Dar es Salaam haiunganiki kama ya zamani?

Mkazi wa Goba: Habari zenu, wanajukwaa. Kariakoo, ukikuta mtaa umefungwa, unakata kona inayofuata na safari inaendelea. Huku kwetu njia nyingi zinaishia getini kwa mtu, hata jirani wa ng'ambo ya bonde humfikii bila kurudi kwanza barabara kuu. Je, mji ukipanuka ni lazima mitaa yake iachane hivi?

Mpimaji: Si lazima, ndugu. Kariakoo ilichorwa kwanza, ikajengwa baadaye. Sinza na Kijitonyama nazo zilipimwa katika miaka ya 1970, chini ya mradi wa viwanja na huduma, na mpaka leo mitaa yake inapitika. Pembezoni mambo huanza kinyume: mwenye shamba humega viwanja kimoja kimoja, akaacha njia ya kuvifikia viwanja vyake tu, na wa shamba la pili hufanya vivyo hivyo upande wake wa mpaka, bila njia hizo kukutana. Matokeo yake magari yote humiminika kwenye barabara chache za Morogoro, Bagamoyo, Nyerere na Kilwa, ambazo zote zinaelekea mjini. Mabonde nayo yanachangia, kwa kuwa kila kivuko kinahitaji daraja.

Binti Tandale: Naomba kuongeza jambo. Tandale na Manzese hazikutanguliwa na ramani, lakini kwa miguu unatokea popote unapotaka. Anayekwama ni gari la zimamoto na la kunyonya vyoo. Hata hivyo vichochoro vyenyewe vinakwisha: mtu anaongeza chumba cha kupangisha, mwenzake anasogeza ukuta, mwisho mnapita kwa ubavu. Kwa hiyo tunapopima muunganiko wa mitaa, tuseme kwanza ni wa mwenye gari au wa mwenda kwa miguu.

Mpimaji: Umesema kweli, dada, na hapo ndipo urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutoa hati kwa maeneo yaliyojengwa bila mpango, unapopaswa kufanywa kwa makini. Njia iingie kwenye ramani kabla ya hati kutolewa, wakati majirani bado wanaweza kukubaliana kila mmoja aachie ukanda mdogo wa ardhi yake, kwani nyumba ikishasimama kuifungua njia ni habari ya fidia. Ndugu wa Goba, kama kati ya njia mbili zilizoziba bado kuna kiwanja kisichojengwa, mwoneni mwenye kiwanja mapema pamoja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kabla hajashusha tofali.