Mzazi hatoki kabla ya arubaini, nifanyeje?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Ni mhudumu wa afya wa kujitolea huku Mwakirunge, Kisauni. Wazazi wengi wanajifungulia hospitali, lakini wakisharudi nyumbani ndio basi, mpaka arubaini ishe. Mama na mtoto wanatakiwa kuangaliwa ndani ya saa 24, siku ya tatu, wiki ya pili, tena wiki ya 6. Juzi nilimkuta mmoja ana homa kali na damu inanuka; mavyaa wake (mama wa mumewe) akashikilia kuwa akikandwa maji moto atapoa. Tulimkimbiza kliniki kwa bodaboda, alhamdulillahi amepona. Sipingi kukandwa, humpumzisha mzazi. Lakini niseme nini na mavyaa asinione mtoto mdogo? Nianze na mkunga wa kijiji, au na mume?